Zima injini ukisimama, lakini jua umesimama wapi

Kwa miaka sita nimekuwa nikibeba bidhaa za jumla kutoka Kikuubo, katikati ya Kampala, kwenda kwa wateja wa Mukono, Lugazi na Jinja, kwa gari dogo la mizigo lenye injini ya petroli ya lita mbili. Miaka minne ya mwanzo niliamini, kama nilivyofundishwa na dereva aliyenichukua kuwa utingo wake, kwamba gari likishawaka asubuhi halizimwi mpaka jioni, kwa sababu kila kuwasha kunakula mafuta ya nusu saa. Hata nilipokuwa nikipakia sabuni na mafuta ya kupikia katika vichochoro vya Kikuubo, kazi inayoweza kuchukua dakika 40 ikiwa wapagazi wamebanana, injini iliunguruma muda wote. Aliyenizindua hakuwa fundi, bali Hajati mmoja mwenye duka, ambaye moshi wangu ulikuwa ukiingia moja kwa moja mlangoni mwake. Siku moja alitoka akaniuliza, "Mwanangu, hayo mafuta unapewa bure, au unalipwa kwa kuyachoma?" Nilimjibu kwa heshima kwamba kuzima na kuwasha kuna hasara kubwa zaidi, naye akasema nimletee hesabu. Sikuwa nayo.

Nilianza kuitafuta wiki iliyofuata, na njia niliyotumia ningeomba kila mwenye gari aijaribu kabla ya kuniamini mimi au mtu mwingine yeyote. Kila nilipokwenda kununua mafuta nilijaza tangi katika kituo kilekile na pampu ileile, mpaka pampu ikajikata yenyewe, kisha nikaandika katika daftari lita zilizoingia na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Kwa majuma matatu sikubadili chochote katika uendeshaji wangu, ila nilipima kwa simu muda ambao gari lilikuwa limesimama huku injini ikifanya kazi. Nilishtuka kuona kwamba kwa siku moja ya kazi ulifika karibu saa mbili na nusu: kupakia, foleni ya kutoka Nakawa hadi Kireka, kusubiri mteja atafute ufunguo wa stoo, na taa za Jinja Road, ambapo hata kijani haikusaidii ikiwa askari wa trafiki ameuzuia upande wako kwa mkono wake. Injini ya petroli ya ukubwa huo hutumia takriban lita 0.8 kwa saa gari likiwa limesimama bila kiyoyozi. Nilikuwa basi nikichoma lita mbili kwa siku bila kusogea hata hatua moja, yaani lita 52 kwa mwezi wa siku 26 za kazi, na tukikadiria lita kwa shilingi 5,000 ili hesabu iwe nyepesi, hizo ni shilingi 260,000.

Yule dereva wangu wa zamani hakuwa mwongo. Alijifunza kazi kwenye magari ya kabureta, ambayo kuyawasha kulihitaji kuvuta choki na kukanyaga mafuta mara mbili tatu, na petroli nyingi iliingia kwenye injini kabla haijashika moto. Gari lenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta hupima kiasi kinachohitajika, na injini ikiwa tayari ina joto, kuiwasha tena hutumia mafuta yasiyozidi yale ambayo ingeyatumia kwa takriban sekunde kumi za kuunguruma. Kwa hiyo, kwa upande wa mafuta peke yake, sekunde kumi ndiyo mpaka. Mimi nimejiwekea dakika moja, kwa sababu stata na betri pia vinanunuliwa kwa fedha, na gari langu halikutengenezwa kwa kuzimwa na kuwashwa kila mara kama yale mapya yanayojizima yenyewe kwenye taa, ambayo hupewa betri na stata za nguvu zaidi.

Ugumu uko katika kujua kama utasimama zaidi ya dakika moja au la. Wakati wa kupakia na kupakua hakuna swali, zima. Namawojjolo, soko la kando ya barabara ya kwenda Jinja, unaponunua nyama choma na gonja (ndizi za kuchoma), zima, maana hata wauzaji wakikukimbilia wote dirishani, kupatana bei na kusubiri chenji hakuishi ndani ya dakika moja. Foleni inayotambaa mita tano, ikasimama, ikatambaa tena, iache injini iwake. Huko utaichosha stata bure na kuwaudhi walio nyuma yako. Foleni iliyokwama kabisa utaitambua kwa wachuuzi: wakianza kupita katikati ya magari na maji na chaja za simu bila haraka, wakageuka hata kuwapa mgongo madereva, ujue kwamba wao wameshaona huko mbele jambo ambalo wewe hujaliona.

Katika bidii ya mwanzo nilipitiliza. Jioni moja ya mvua karibu na Banda, nikiwa nimewasha taa, waipa na redio, na nikiwa nimeshazima injini zaidi ya mara kumi katika mwendo mfupi, gari lilikataa kuwaka. Alteneta huchaji kidogo injini ikienda polepole, na betri yangu ilikuwa imezeeka. Kila kuwasha kuliitoa umeme ambao haikupata nafasi ya kuurudisha. Vijana wanne walinisukuma hadi pembeni kwa bei tuliyopatana kwanza, huku honi zikinilaani. Tangu siku hiyo hupima betri kila baada ya miezi michache, husafisha vichwa vyake vikianza kuota unga mweupe, na usiku wa mvua nikiwa kwenye foleni sizimi kabisa.

Jambo ambalo sitakubaliana na mtu yeyote ni kuzima injini gari likiwa katika mwendo. Wapo wanaofanya hivyo kwenye miteremko, na wa bodaboda wameligeuza kuwa ufundi katika vilima vya Kampala, lakini gari likizimwa usukani unakuwa mzito, na breki hubakiwa na nguvu ya kukanyaga mara chache tu kabla ya kuwa ngumu kama jiwe. Ukikosea ukachomoa ufunguo, usukani unaweza kujifunga. Isitoshe, hakuna faida. Injini ya mfumo wa kupuliza mafuta ikiteremka ndani ya giya, nawe umeondoa mguu kwenye mafuta, hukata petroli yenyewe, ilhali ukiweka giya huru inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike.

Shemeji yangu anaendesha lori la dizeli lenye tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi) kati ya Malaba, mpakani na Kenya, na Kampala, na kwake kanuni ni tofauti kidogo. Baada ya kupanda mlima na mzigo huiacha injini iungurume dakika moja au mbili, kwa kuwa tabo hulainishwa na oili ya injini, na ikizimwa ingali na moto mkali, oili iliyobaki humo huungua na kuwa masizi. Kwenye foleni ya mpakani huzima, lakini huitazama geji ya upepo wa breki, akawasha tena upepo ukipungua. Kuhusu kupasha injini joto asubuhi, hali ya hewa ya Kampala haidai hilo. Nusu dakika inatosha, kisha endesha taratibu.

Majuma matatu ya pili, baada ya kuanza kuzima, gari lilitoka kilomita 7.6 kwa lita hadi 8.5, yaani akiba ya takriban lita 33 kwa mwezi. Nilimpelekea Hajati daftari. Alivaa miwani, akasoma polepole, kisha akaniuliza zile lita 19 zilizosalia zinakwenda wapi. Nikamweleza habari za foleni ya Kireka inayotambaa. Sasa siku za kwenda Jinja mzigo wangu hupakiwa jioni ya kuamkia safari, nami huondoka saa kumi na moja alfajiri, kabla ya Kireka kuamka.