Manjano, Pilipili Manga na Karai la Samaki

Tangu vipimo vya damu vilipoonyesha kwamba kolesteroli yangu iko juu, karibu kila mgeni anayefika kwangu hapa Kisumu hunihimiza ninywe manjano, kana kwamba unga huo huyeyusha mafuta mishipani. Ninautumia kweli, ila si kwa matarajio hayo.

Kolesteroli aina ya LDL, ile iitwayo mbaya, huwa na madhara zaidi inapooksidika, yaani inapoharibiwa na oksijeni, ndani ya ukuta wa mshipa, kwani chembe za kinga huimeza, hujaa mafuta na kuanzisha utando unaobana njia ya damu. Katika majaribio ya maabara, kurkumini, ambayo ndiyo inayoyapa manjano rangi yake, huchelewesha uoksidishaji huo kwa kuzituliza molekuli kali kabla hazijaishambulia LDL. Mwilini mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa kurkumini hainyonywi vizuri na ini huibadilisha upesi. Mwaka 1998 watafiti nchini India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini itokayo kwenye pilipili manga, na ufyonzwaji wake ukaongezeka kwa asilimia 2,000. Tusisahau, hata hivyo, kwamba unga wa sokoni una kurkumini ya takriban asilimia 3 tu, kwa hiyo kijiko cha mchuzini hakilingani na dozi ile.

Kurkumini haiyeyuki majini. Ndiyo maana chai ya manjano huacha tope la rangi chini ya kikombe. Kwa hiyo mimi hukaanga vitunguu kwa mafuta kidogo, nikatia manjano na pilipili manga niliyoitwanga wakati huohuo, kisha nyanya, na omena, yaani dagaa, mwishoni. Omena wenyewe nawachagua wanaong'aa kama fedha, kwa sababu waliogeuka rangi na kunuka mafuta makuukuu wameshaoksidika kwa jua na hewa. Vivyo hivyo samaki aliyekaangwa katika mafuta yaliyorudiwa karaini hadi yakawa meusi na kutoa povu: manjano hayamwokoi, na kwangu kuyamwaga mafuta hayo kuna faida kuliko kiungo chochote.

Unga uhifadhiwe kwenye kopo lisilopitisha mwanga, kwani mwanga huivunja kurkumini. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au mwenye mawe ya nyongo amwone daktari kabla ya kununua vidonge vya manjano, na aliyeandikiwa dawa za kolesteroli aendelee kuzimeza hata kama mchuzi wake una manjano kila siku.