Jibu: Farao alikuwa na hiari gani kama Mungu ndiye aliyeufanya moyo wake kuwa mgumu?

Ndugu mleta mada, swali lako limewasumbua marabi (walimu wa dini ya Kiyahudi) kwa karne nyingi, kwa hiyo usidhani umekufuru kuliuliza.

Soma tena kitabu cha Kutoka polepole. Katika mapigo matano ya mwanzo, Farao mwenyewe ndiye anayeshupaza moyo. Ni kwenye pigo la sita, la majipu, ndipo tunaambiwa Bwana aliufanya mgumu. Maimonides, rabi na mwanafalsafa aliyefariki Misri mwaka 1204, anashikilia kwamba kila mtu ana hiari kamili. Lakini aliyedhulumu kwa kupenda kwake anaweza kuadhibiwa kwa kufungiwa mlango wa toba. Sforno, mfafanuzi wa Maandiko wa Italia, karne ya 16, anaona kinyume: Farao alitiwa nguvu ya kustahimili, ili asikubali kwa sababu tu ya maumivu. Mimi naelemea kwa Sforno. Mtu anayesema "ndiyo" huku anachapwa hajachagua kitu.

Ulipouliza kama Myahudi lazima aamini punda wa Balaamu, yule anayezungumza katika kitabu cha Hesabu, alisema kwa mdomo wake, jibu ni hapana. Maimonides huyohuyo aliandika kwamba yale yalikuwa maono ya kinabii. Rabi Nahmanides alimpinga vikali kuhusu njia hiyo ya kusoma, hasa habari ya wageni watatu wa Abrahamu, ambayo nayo Maimonides aliiona kuwa maono. Lakini Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, inakitaja kinywa cha punda miongoni mwa vitu vilivyoumbwa jioni ya kuamkia Sabato ya kwanza, yaani muujiza uliwekwa ndani ya uumbaji tangu mwanzo. Hapo ndipo mimi huwa nasimama kwa muda mrefu.