Utamaduni unavyoingia katika fikra na maamuzi: maswali na majibu

Maswali ya safari hii yote yanagusa jambo moja, namna utamaduni unavyomwelekeza mtu afikiri na kuamua. Tumeyafupisha bila kubadili maana.

Ni kweli watu wa tamaduni tofauti huona vitu tofauti, au wanatofautiana katika kueleza tu?

Kuona kwenyewe kunatofautiana, na jambo hili limepimwa. Chora mistari miwili iliyo sawa kwa urefu. Wa kwanza uutie ncha za mshale pande zote mbili, wa pili uutie ncha hizohizo zikiwa zimegeuzwa, zinafunguka kwa nje. Wengi wataapa kwamba wa pili ni mrefu zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1966, wakazi wa Evanston, Marekani, waliuona mstari wa kwanza umelingana na wa pili pale tu uliporefushwa kwa takribani asilimia 20. Wasan, jamii ya wawindaji wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika, karibu hawakuhitaji urefushwe. Sababu yake bado inabishaniwa. Wako wanaosema jicho lililokulia kwenye nyumba zenye pembe kali hujizoesha kuzisoma pembe kama dalili ya umbali.

Wanasaikolojia Takahiko Masuda na Richard Nisbett nao, mwaka 2001, waliwaonyesha wanafunzi wa Japani na wa Marekani filamu fupi za samaki wakiogelea. Wamarekani aghalabu walianza na samaki mkubwa aliye mbele. Wajapani waliyataja mandhari, yaani maji, mawe na mimea, kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko wenzao. Baadaye samaki walewale wakawekwa kwenye mandhari mengine. Wajapani ndio waliotatizika zaidi kuwatambua, kwa kuwa walikuwa wamemhifadhi samaki pamoja na mahali alipokuwa.

Faida yake kwenye maamuzi ni hii: mkichunguza kosa au ajali, andikeni karatasi mbili. Moja ijibu “nani alifanya nini”, nyingine ijibu “pale palikuwa na hali gani”. Mwenye mazoea ya kumtazama mhusika ataruka ya pili, na mwenye mazoea ya kutazama mazingira atamkinga aliyezembea.

Je, mtu asiyesoma shule hufikiri bila mantiki?

Hapana. Mwaka 1931 na 1932 Alexander Luria, mwanasaikolojia wa Kisovieti, aliwapa wakulima wa Uzbekistan fumbo hili: kaskazini ya mbali kwenye theluji, dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi wa wasiosoma walikataa kujibu. Walieleza kwamba hawajafika huko, na kwamba kila mahali pana wanyama wake. Waliopata masomo hata kidogo walijibu mara moja.

Mkulima yule hakukosa mantiki. Alikataa kushuhudia asichokiona, kanuni ambayo mahakama nyingi zinaiheshimu. Shule nayo ni utamaduni: humzoesha mtu kuyakubali maneno ya karatasi kama yalivyo, kisha aende nayo hadi mwisho. Kwa hiyo ukitaka jibu la “tuseme kwamba...” kwa mtu asiyezoea mchezo huo, mpe mfano wa kitu anachokigusa kila siku.

Timu yetu ina watu wa nchi tano. Kikaoni wote wanasema ndiyo, tukitoka hakuna anayetekeleza. Tufanyeje?

Kwa baadhi yao “ndiyo” ina maana ya “nimekusikia”. Kumpinga mkuu mbele za watu ni kumvunjia heshima, basi pingamizi huenda likatafuta njia nyingine, na kuchelewesha kazi ni njia mojawapo. Kuwahimiza “wawe wawazi” hakusaidii. Badilisheni utaratibu.

Siku mbili kabla ya kikao, tuma ukurasa mmoja wenye uamuzi unaotakiwa na chaguo mbili au tatu. Swali la “mna maoni gani?” huzaa ukimya. Kikao kikianza, toeni dakika kumi za kuandika kimyakimya, bila jina: chaguo lako, sababu moja, na jambo moja linaloweza kuliangusha chaguo hilohilo. Sehemu hii ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu inamruhusu mtu kupinga bila kuonekana mpinzani. Asiye mwenyekiti azikusanye karatasi, azichanganye, azisome kwa sauti. Ndipo mjadala uanze na wa cheo cha chini, mwenyekiti awe wa mwisho. Mishna, sheria ya kale ya Kiyahudi, iliagiza hivyo kwenye kesi za hukumu ya kifo: waanze majaji waliokaa pembeni, yaani wadogo.

Utaratibu huu huharibika kwa namna zinazojulikana. Mwenyekiti anasema “wazo zuri” karatasi zikisomwa, na kila mtu ameshajua upepo unakoelekea. Au timu ina watu watatu tu na mwandiko wa kila mmoja unafahamika. Hapo chapeni majibu. Au mwenyekiti anauliza “kuna pingamizi?”, anahesabu sekunde mbili, anafunga. Ukimya usiandikwe kuwa ni kukubali.

Ikiwa wengi wamezoea mambo kumalizwa kabla ya kikao, wafuateni hukohuko. Wajapani huita kazi hiyo nemawashi, neno la watunza bustani: kuichimbua mizizi taratibu kabla ya kuuhamisha mti. Zungumza na kila mhusika peke yake, rekebisha pendekezo, kisha kikao kithibitishe. Njia hii inachukua siku zaidi mwanzoni, lakini kazi ikianza haikwami.

Mtoto achaguliwe au ajichagulie?

Inategemea maana anayoipa chaguo la mzazi. Mwaka 1999 wanasaikolojia Sheena Iyengar na Mark Lepper waliwapa watoto wa Marekani mafumbo ya maneno. Wenye asili ya Ulaya walifanya vizuri zaidi walipojichagulia. Wenye asili ya Asia walifanya vizuri zaidi walipoambiwa mama zao ndio waliochagua. Alipochagua mtu baki, makundi yote mawili yalishuka kutoka kilele chake. Kabla ya kumkabidhi mtoto uhuru au kumnyima, tazama anadumu na kazi ipi.

Nikiamua kwa lugha ya pili, nakuwa na busara zaidi?

Busara, la; ubaridi wa moyo, ndiyo, kidogo. Tuseme watu 600 wako hatarini. Ukiambiwa mpango “utaokoa 200” unaupenda; ukiambiwa “watakufa 400” unaukimbia, ingawa ni hesabu ileile. Mwaka 2012 mwanasaikolojia Boaz Keysar na wenzake walionyesha kwamba mtego huo hulegea swali likiulizwa kwa lugha ya kigeni. Njia salama ni kuandika kila uamuzi wenye tarakimu kwa pande zote mbili, faida na hasara, katika lugha unayoimudu. Mkataba usiouelewa vizuri una hatari kubwa kuliko hisia zako.

Naweza kutumia alama za tamaduni za nchi ninapoajiri?

Usithubutu. Alama za mtafiti Mholanzi Geert Hofstede, yaani tarakimu zinazolinganisha nchi kwa mambo kama umbali kati ya mkuu na walio chini yake, zilianzia kwenye dodoso za wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM kati ya 1967 na 1973, nazo ni wastani wa nchi. Hazisemi lolote la uhakika kuhusu mtu aliyeketi mbele yako. Muulize mwenyewe: mara ya mwisho ulipoona mkuu wako anakosea, ulimwambia wapi, na kwa maneno gani?