Nukta kwenye ramani ya dalali

SWALI: Mimi na mume wangu ni wauguzi, tunaishi katika kitongoji kimoja kaskazini ya Minneapolis, jimbo la Minnesota. Tunakusudia kununua franchaizi, yaani haki ya kufungua tawi kwa jina la kampuni, ya mnyororo wa vituo vya kulea mbwa mchana. Dalali ametuonesha ramani ya Marekani yenye nukta zaidi ya 200, nyingi zikiwa Texas, Florida na Colorado, akatuambia kwamba tawi moja huuza kwa wastani zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka. Kwa kuwa Minnesota ina nukta chache, anasema soko la huku bado halijaguswa. Tutumie njia gani kukadiria mauzo ya tawi letu kwa kulinganisha na majimbo yaliyofanikiwa?

JIBU: Ndugu msomaji, ramani hiyo haiwezi kukupa makadirio unayoyataka, na ninakuomba uiweke kando kabla hujafanya hesabu yoyote juu yake. Naletewa ramani za namna hiyo mara kwa mara, safari hii za vituo vya mbwa, safari nyingine za kumbi za mazoezi au kampuni za kusafisha mazulia, na kila anayeniletea huwa amekwisha kuamini mambo mawili: kwamba penye nukta nyingi ndipo penye faida, na kwamba pasipo na nukta ni shamba ambalo halijapata wa kulilima. Mtu akiyaamini yote mawili kwa pamoja, hakuna mahali popote Marekani ambapo dalali atashindwa kumuuzia franchaizi.

Nukta inaonesha mahali ambapo mnyororo ulifanikiwa kuuza haki ya kutumia jina lake. Haioneshi kama aliyeinunua anapata riziki. Mnyororo huanza kuenea karibu na ulikozaliwa, kwa sababu wakufunzi na wasimamizi wako huko: Camp Bow Wow, mmoja wa minyororo ya vituo vya mbwa, ilianzia Denver, Colorado, mwaka 2000, kwa hiyo hakuna miujiza ikiwa Colorado ina matawi yake mengi. Wakati mwingine mtu mmoja mwenye mtaji hununua haki za matawi matano au sita ya jiji moja, na ramani inajaa kwa uamuzi wa mtu mmoja tu. Zaidi ya hayo, ramani ya mauzo mara nyingi huchanganya matawi yaliyo wazi na yale ambayo mkataba umetiwa saini lakini hata jengo halijapatikana. Na tawi ambalo mwenyewe amechoka akaliuza kwa mwingine, naye wa pili akachoka akaliuza kwa wa tatu, hubaki nukta ileile moja, yenye rangi ileile ya kupendeza.

Mnachopaswa kusoma ni hati ya taarifa za franchaizi, ambayo sheria ya shirikisho inamlazimu muuzaji awapatie angalau siku 14 kabla hamjatia saini mkataba wala kulipa chochote. Ina vipengele 23. Nendeni kwanza kwenye Kipengele cha 20, ambacho kina majedwali ya matawi jimbo kwa jimbo kwa miaka mitatu: yaliyofunguliwa, ambayo mikataba yake ilivunjwa, ambayo haikuhuishwa, yaliyorudishwa kwa kampuni, na yaliyoacha kazi kwa sababu nyingine. Jedwali jingine linaonesha yaliyohamishiwa wamiliki wapya, na jingine linaonesha mikataba iliyosainiwa ambayo matawi yake hayajafunguliwa. Jimbo lenye matawi 30 ambalo limefunga manne na kuhamisha saba kwa miaka mitatu linawaambia jambo ambalo ramani haitalisema kamwe. Nanyi mna bahati ya kuishi Minnesota, kwa sababu jimbo lenu ni miongoni mwa yanayodai hati hizi ziandikishwe serikalini, na Idara ya Biashara ya jimbo huziweka wazi kwenye mtandao wake. Chukueni hati ya mwaka huu na ya miaka miwili iliyopita, kisha mlinganishe matawi ambayo mnyororo ulisema ungefungua na yale yaliyofunguliwa kweli. Kazi hiyo ni ya jioni moja.

Sasa nije kwenye wastani, kwa maana hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Tuchukue mfano wa kubuni wa matawi matano ambayo kwa mwaka yameuza dola 600,000, 650,000, 700,000, 750,000 na 2,300,000. Wastani wake ni dola milioni moja kamili, ilhali manne kati ya matano hayakuufikia na lililo katikati liliuza 700,000. Kanuni za Marekani zinatambua hila hiyo, na ndiyo maana anayetoa wastani katika Kipengele cha 19 cha hati, kinachohusu mauzo na faida za matawi, analazimika kueleza ni matawi mangapi, na asilimia ngapi, yaliyoufikia au kuupita. Tangu mwongozo wa wasimamizi wa majimbo wa mwaka 2017, anatakiwa pia kuonesha namba ya katikati, ya juu kabisa na ya chini kabisa. Basi dalali akitaja wastani peke yake, amechagua namba moja akaziacha nyingine zilizoandikwa kando yake katika ukurasa uleule. Someni pia tanbihi iliyo chini ya jedwali, ambayo mara nyingi husema kwamba yamehesabiwa tu matawi yaliyokuwa wazi mwaka mzima au zaidi. Aliyefilisika katika mwezi wa tisa hayumo katika wastani huo.

Kulinganisha majimbo kuna mtego mwingine ambao hata wahasibu wenzangu hujikwaa, nao ni umri wa matawi. Kituo cha mbwa hujaa polepole, kwa kuwa mteja wa kwanza humleta mbwa siku moja kwa majaribio, kisha siku mbili kwa wiki, na majirani wake hufuata baada ya kuona. Tawi la miaka kumi huuza kuliko la mwaka mmoja hata yakiwa mtaa mmoja. Ikiwa matawi ya Colorado ni ya zamani na ya Minnesota ni machanga, tofauti ya mauzo mnayoiona ni tofauti ya umri iliyovaa jina la jimbo. Linganisheni tawi la mwaka wa pili na jingine la mwaka wa pili, na kama hati haitoi mgawanyo huo, wapigieni wamiliki wenyewe.

Na hata mauzo yakilingana, faida hailingani. Katika kazi hii mishahara ndiyo inayokula zaidi pamoja na kodi ya jengo, kwa kuwa mfanyakazi mmoja hawezi kusimamia kwa usalama zaidi ya mbwa kumi hadi kumi na watano katika kundi moja. Texas inafuata kima cha chini cha shirikisho cha dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijabadilika tangu 2009, ilhali Minnesota ilikuwa dola 11.13 mwaka 2025. Ni kweli kwamba soko hulipa zaidi ya viwango hivyo kote kuwili, lakini pengo linabaki. Ongezeni majira ya baridi ya kwenu, ambayo yanawalazimu kulipia eneo kubwa la ndani lenye joto, wakati tawi la Texas linaweza kutumia uwanja wa nje karibu mwaka mzima.

Tena jimbo ni kipimo kikubwa mno kwa biashara hii. Mteja humshusha mbwa akielekea kazini, hivyo kinachoamua ni barabara anayopita asubuhi, na upande wa barabara ulipo mlango wenu. Tawi lililo umbali wa dakika 25 kutoka kwenu halina msaada wowote katika makadirio yenu, sembuse la Dallas. Kipengele cha 12 kitawaonesha mipaka ya eneo lenu na kama mnyororo umejiwekea haki ya kufungua tawi jingine karibu, na ofisi ya mipango ya mji itawaambia kama kelele za mbwa 80 zinaruhusiwa katika jengo mlilolipenda. Msongamano wa matawi nao una hatari zake: mwaka 2015 homa ya mafua ya mbwa ya aina ya H3N2 ilipoingia Chicago na kuwaambukiza zaidi ya mbwa elfu moja, vituo kadhaa vya jiji hilo vilifunga milango kwa muda, na mwenye matawi matatu mjini humo hakuwa na la nne mahali pengine la kumbeba.

Kuhusu dalali wenu, fahamuni kwamba halipwi nanyi. Hulipwa na mnyororo pale mnaposaini, kwa kawaida kutoka katika ada ya kuingilia mtakayoitoa, kwa hiyo ushauri wake wa bure mmeshaulipia bila kuandikiwa risiti. Muuzaji wa franchaizi haruhusiwi kutaja mauzo au faida za matawi ambazo hazimo katika Kipengele cha 19, iwe kwa mdomo, kwa ujumbe wa simu au kwa karatasi aliyoichora mezani kwenu. Mwombeni awaandikie ile dola milioni moja kwa barua pepe, akitaja ukurasa wa hati alikoitoa. Wengi hunyamaza hapo. Siku hizi madalali hawa wamejaa katika makundi yetu ya WhatsApp ya Wakenya na Watanzania wa huku, wakijiita washauri wa uwekezaji, na wanawajua vizuri wauguzi na madereva wa malori kwa sababu hao ndio wenye akiba ya kustaafu ambayo, kwa utaratibu fulani wa kodi, inaweza kuhamishiwa kwenye biashara. Nimekaa na familia zilizohamisha akiba hiyo yote kwa kuamini ramani, na nilichoweza kuwasaidia wakati huo kilikuwa ni kupanga ratiba ya madeni tu.

Katika Kipengele cha 20 mtakuta pia orodha ya wamiliki walioondoka katika mwaka wa fedha uliopita, pamoja na njia ya kuwapata. Wapigieni hao kabla ya wale ambao mnyororo utawapendekeza. Ulizeni ilichukua miezi mingapi tawi kuweza kulipa kodi ya jengo kwa mapato yake lenyewe, waliwahi kumwajiri meneja au walilala kituoni wenyewe siku za sikukuu mbwa walipoachwa walale hapo, na siku walipofunga walikuwa bado wanadaiwa miaka mingapi ya pango.