Amplifaya ya valvu au ya transista?

Ndugu yangu wa Kamalondo, umeuliza kama inafaa uuze amplifaya yako ya transista ununue ya valvu, yaani mirija ya kioo inayofanya kazi ya transista, kwa kuwa umeambiwa kwamba rumba ya zamani husikika tamu zaidi kwenye valvu.

Utamu huo upo kweli. Amplifaya nyingi za valvu huongeza hamoniki ya pili, yaani sauti ya ziada iliyo oktava moja juu ya noti yenyewe, na sikio huipokea kama unene wa sauti wala si kasoro. Tena zinapozidiwa hukata vilele vya mawimbi taratibu, ilhali transista huvikata ghafla na sauti ikakwaruza. Lakini ukisikiliza kwa sauti ya kiasi, transista iliyotengenezwa vizuri hufuata rekodi kwa uaminifu zaidi, na kwa kuwa ukinzani wake upande wa spika ni mdogo sana, huidhibiti spika na kuzishika noti za besi imara, jambo ambalo kwangu ni kubwa katika rumba.

Valvu pia huchakaa, na ndani yake mna volti mia kadhaa zinazoweza kuua hata baada ya kuzimwa. Kwa umeme wetu wa Lubumbashi unaopanda na kushuka, ungelazimika kununua kwanza kifaa cha kudhibiti volti.

Kabla ya kuuza, azima ya valvu uzilinganishe kwa spika zilezile, ukisawazisha ukubwa wa sauti kwa kupima volti kwenye nyaya za spika, maana inayolia juu kidogo hudhaniwa kuwa bora. Mimi ningetumia fedha hizo kununua spika nzuri zaidi.