Kiya yatoa nukta tupu

SWALI: Nimeunganisha kiya ya elektroniki (kifaa kinachotengeneza nukta na vistari vya mose ukibonyeza vibao vyake viwili) kwenye redio kwa plagi ya stirio. Nukta zinatoka sawa, ila kila kistari kinageuka nukta kadhaa. Kiya imekufa? – Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Haijafa, ndugu yetu. Redio yako ina kiya yake ndani, nayo imewashwa. Kistari kinachotoka kwenye kiya yako ya nje inakiona kama kidole kilichobana kibao cha nukta, ikarudia nukta. Ingia kwenye menyu, uzime kiya ya ndani, uchague ufunguo wa kawaida wa mkono. Kwenye plagi, ncha ibebe ishara na shina liwe ardhi. Pete ya katikati iache wazi.

Kisha weka kasi ya maneno 15 kwa dakika: nukta milisekunde 80, kistari 240. Usianze na kasi kubwa, mkono utazoea makosa.

Zikirukaruka herufi, shuku chumvi ya upepo wa bahari kwenye viguso vya vibao. Bana karatasi safi katikati, uivute taratibu. Usitumie msasa, utakwangua madini yaliyopakwa juu. Hitilafu ikija unapoongeza nguvu ya kurusha tu, mawimbi ya antena yanaingia kwenye waya: funga kapasita ya nanofaradi 10 kati ya kila kibao na ardhi.