"Religio" si dini: kwa anayeanza kusomea Ukristo wa Zama za Kati

Wengi huja na mada kubwa: uzushi, mamlaka ya Papa, wanawake watawa. Kinachowakwamisha mwaka wa pili si mada, ni Kilatini. Basi anza nacho, tena mapema. Nusu saa kila siku inajenga kuliko saa nne za Jumamosi. Chukua Vulgata, yaani Biblia ya Kilatini, iweke kando ya Biblia ya Kiswahili, uanze na Injili ya Yohana: sentensi zake ni fupi, na maana unaijua tayari, kwa hiyo akili inashughulika na sarufi tu.

Zaburi zina mtego wake. "Bwana ndiye mchungaji wangu" ni ya 23 katika Biblia nyingi za Kiswahili, lakini katika Vulgata ni ya 22. Mhariri wa mahubiri ya kale akiandika "Ps. 22" (Zaburi ya 22) nawe ukafungua Biblia ya nyumbani, utaangukia "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha", kisha utajenga hoja nzima ya huzuni juu ya mahubiri yanayozungumzia malisho mabichi.

Maneno yanayofanana na ya leo ndiyo mabaya zaidi. "Intravit religionem" si "alibadili dini". Ni kwamba alijiunga na utawa. "Religiosi" ni watawa, na "clerici saeculares" ni mapadri wasio watawa, wala si watu wasiojali dini. Hapa Kiswahili cha Kanisa kinakubeba, maana kinatofautisha padri wa jimbo na mtawa bila shida.

Baada ya sarufi, mwandiko. Katika hati za kuanzia karne ya 13 herufi i, u, n na m huwa vijiti vilivyosimama sambamba, mara nyingi bila nukta juu ya i. Neno "minimum" ni vijiti 15. Usibahatishe kwa jicho: hesabu vijiti, kisha uulize sarufi inataka neno gani. Vifupisho navyo vina kanuni. Herufi p iliyokatwa mstari mkiani kwa kawaida ni "per". Mkia ukizungushiwa kitanzi upande wa kushoto ni "pro". Mstari ukiwa juu yake ni "prae". Picha ikiwa hafifu, tazama neno linalofuata: "pro" hufuatwa na neno lenye umbo la ablativu, "per" lenye umbo la akuzativu, na miisho yake hutofautiana. Kwa hiyo kabla ya "peccatis nostris", ambayo ni ablativu, ni "pro", kwa ajili ya dhambi zetu, hata kama wino umefutika. Na "xps" si kosa la mwandishi. Hizo ni khi na ro za Kigiriki: Christus.

Unaponakili, andika herufi ulizozijazia mwenyewe ndani ya mabano, na mwisho wa kila mstari weka alama. Ukizijaza kimyakimya, miezi sita baadaye hutajua lipi liliandikwa na lipi ulilidhania.

Tarehe pia zinaumiza watu. Firenze, Italia, mwaka ulianza 25 Machi. Wosia wa huko ulioandikwa Februari 1347 ni wa Februari 1348 kwa hesabu yetu. Asiyejua hilo atauweka kabla tauni haijafika Sicilia, Oktoba 1347, kisha atashangaa mbona watu tayari wanaiogopa.

Kuhusu kumbukumbu za mahakama za uzushi, punguza haraka. Daftari la Jacques Fournier, askofu wa Pamiers, kusini mwa Ufaransa, aliyekuja kuwa Papa Benedikto XII, lina ushahidi wa miaka ya 1318 hadi 1325. Wanakijiji walijibu kwa Kioksitani, lugha ya huko. Mwandishi wa mahakama akaandika kwa Kilatini, kwa mtindo wa kisheria, akifuata maswali ya askofu. Kwa hiyo "alisema kwamba" si sauti ya mwanakijiji mwenyewe. Tenga kwanza maneno yanayojirudia kwa kila shahidi: hayo ni ya mahakama. Linalotokea mara moja tu, kama jina la mbuzi au ugomvi wa jiko, lina uwezekano mkubwa wa kuwa lake.

Kazi za kudumu katika fani hii ni chache, na shahada ya uzamivu haikuhakikishii. Kinachokutofautisha kwenye maombi ni kurasa chache ulizozinakili na kuzitafsiri mwenyewe. Toronto, kwa mfano, kituo cha masomo ya Zama za Kati kina mitihani ya Kilatini ya ngazi mbili, na maarifa ya nadharia hayafidii kuifeli. Ongeza kusoma Kifaransa na Kijerumani, kwani sehemu kubwa ya utafiti iko humo.

Nauli isiwe kisingizio cha kutoanza. Maktaba ya Vatikani na Maktaba ya Taifa ya Ufaransa zimeweka hati nyingi mtandaoni bure. Ukipakua picha, ipe jina siku hiyohiyo: maktaba, namba ya hati, namba ya karatasi, kisha r kwa upande wa mbele au v kwa wa nyuma. "IMG_0412" haiwezi kuwekwa kwenye tanbihi.